Mzungu Aliyerudi Kuaga

Wouter alipofika Haiwei alikuwa na begi moja mgongoni, picha moja ndani ya bahasha ya plastiki, na Kichina alichokisomea kwao Uholanzi majira matatu ya baridi. Kilikuwa Kichina safi, cha redioni. Duan Yinjiao, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne karibu na ziwa, alimwelewa kila neno. Yeye ndiye ambaye hakumwelewa Yinjiao hata kidogo, kwa sababu hakuna mtu wa Haiwei anayezungumza kama redio, na mara ya tatu alipoambiwa "chumba kiko juu" akatoa simu imtafsirie.

Wouter alikuwa mzee wa miaka sitini na ushee, mrefu, magoti yamechoka, uso mwekundu kwa upepo wa ziwani. Alisimama katikati ya ua, akatazama mlango wa kioo, feni, vyungu vya maua, na bafu jeupe lililoonekana dirishani. Akakunja uso kwa adabu.

"Kwenye tangazo mliandika nyumba ya zamani," simu ikasema kwa niaba yake.

"Kuta ni za babu yake mume wangu," alijibu Yinjiao. "Bafu ni la juzijuzi. Au ulitaka kuoga kizamani?"

Simu ilitafsiri, mzee akacheka, akakubali chumba. Lakini usoni alibaki na huzuni ya mtu aliyeuziwa ndizi za plastiki.

Jioni hiyo, mezani, alieleza kilichomleta. Mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa anazunguka ziwa Erhai kwa baiskeli. Mvua ikamkuta akiteremka kutoka mlima Cangshan, akalowa siku nzima, na alipofika ufukweni akaanguka na homa. Watu wakambeba wakamwingiza katika nyumba moja. Mwanamke wa nyumba hiyo akamuuguza siku tisa. Hakuwahi kulijua jina lake wala jina la kijiji. Alichokumbuka ni ua wenye mti mkubwa wa jozi katikati, na kisima pembeni ya mlango. Sasa amestaafu, mkewe amefariki, na jambo moja tu limebaki linamsumbua: kumwona yule mama na kumshukuru. Siku nne alikuwa anatembea kijiji hadi kijiji na hajapata mti wala kisima.

"Haiwei ndiyo mwisho wa ufuko," alisema. "Lakini naona hapa pamebadilika mno. Hapawezi kuwa hapa."

Akaitandaza picha mezani. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao ya jozi, pana, ya kipande kimoja. Mume wa Yinjiao aliuangusha mti ule mwaka waliofungua nyumba ya wageni, kwa kuwa majani yake yaliziba mwanga wa vyumba vya mbele. Kisima nacho walikifunika kwa saruji, na juu yake pakawekwa kaunta ya mapokezi, pale pale Wouter alipoandikia jina lake kwenye daftari la wageni.

Yinjiao alikuwa anaitazama picha. Mwanamke ameinama mbele ya jiko la mawe, kitambaa kichwani, uso haukuonekana, mtoto amefungwa mgongoni. Pembeni ya jiko, jiwe moja lilikuwa limevunjika kwa umbo la mwezi mchanga. Jiwe hilo Yinjiao alikuwa analifuta masizi kila siku kwa miaka kumi na minne.

"Naomba niichukue kidogo," alisema, akaenda nayo jikoni nyuma.

Mama mkwe wake, Su Runxiang, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya maharage mapana. Alikuwa na miaka themanini, na hakupenda kwenda ua wa mbele kwa sababu wageni kutoka Shanghai walikuwa wanampiga picha bila kumwamkia.

"Mama, hebu tazama hii."

Bibi alifuta mikono, akaishika picha mbali na uso.

"Moto umezidi," alisema. "Nilimwambia asogee nipunguze kuni, yeye anang'ang'ana na kamera. Supu ikashika chini."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Na huyo mgongoni ni mumeo. Alikuwa anaota meno, analia mchana kutwa. Rudisha picha ya watu."

"Mama, mtu ametoka Uholanzi kuja kukutafuta."

Runxiang alirudia maharage yake. Alimenya kama sita hivi kabla ya kujibu.

"Nilimlisha kwa kijiko siku tisa. Nilikuwa naamka mara tatu kumbadilisha kitambaa cha kipaji cha uso. Mume wangu alikuwa kazini mbali, nina watoto watano na huyo wa mgongoni. Siku ya kumi nikatoka alfajiri, ilikuwa zamu yetu ya maji shambani. Narudi, kitanda kitupu. Hata blanketi hakulikunja. Nilikuwa nimemfungia jozi za kula njiani kwenye kikapu, nikawapa watoto."

"Labda alikuwa na sababu."

"Sababu anayo kila mtu. Mimi sikutaka zawadi, nilitaka aniage. Sasa miaka thelathini na minane, ndiyo anakumbuka? Usimwambie. Niahidi."

Yinjiao aliahidi. Alirudi mezani na picha, na bakuli la samaki wa kuchachua ambao Runxiang alikuwa amewapika kwa mkono wake, kwa pilipili na vipande vya tunda kavu lenye uchachu, kama alivyowapika maisha yake yote. Wouter alikula taratibu, amefumba macho. Kisha akaandika kwenye simu.

"Watamu sana," simu ikasema. "Ila wale wa yule mama walikuwa na kitu zaidi. Nadhani siku hizi watu wamesahau kupika."

Yinjiao alipeleka ujumbe huo jikoni, maana aliona ni dhambi kuuficha.

"Kitu zaidi ilikuwa homa," alisema Runxiang. "Mwambie homa hatuuzi."

Mambo yangeishia hapo kama Haiwei ingekuwa mji wa kawaida. Lakini Haiwei ilikuwa na Zhao Xuekai.

Xuekai alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wageni ya mji mkongwe. Kwa miaka mitatu alikuwa anatafuta sababu ya kufanya mabasi ya watalii yasimame Haiwei badala ya kupita yakienda kwenye miji yenye maua mengi zaidi. Alijaribu mashindano ya mitumbwi; upepo ukayaharibu. Alijaribu kuweka meza nyeupe na viti vyeupe ndani ya maji ili maharusi wapigie picha. Kila mji ukafanya hivyo hivyo. Aliposikia kwamba kuna mzungu anazunguka na picha akitafuta mama aliyemuuguza, alifika kwa Yinjiao hata viatu hakufunga kamba.

"Shemeji, mzungu analia?"

"Hajalia."

"Atalia. Mzungu mmoja anayelia ni zaidi ya mabango kumi. Yuko wapi?"

Xuekai hakuwa tapeli. Mwaka ule wa mzungu alikuwa jeshini, kaskazini kabisa, na aliporudi alikuta habari imeshapoa. Lakini alipoisikia hadithi ya homa kutoka kwa mwenyewe, akaenda kwake mbio, akarudi na saa ya mkononi iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa kwenye droo ya marehemu baba yake. Alipoiuliza zamani, mzee alimjibu tu, "Ya mzungu," na akabadilisha mazungumzo. Nyuma ya saa zilichongwa herufi tatu za jina la Wouter.

Wouter aliigeuza saa ile mkononi. Hakuhitaji simu.

"Mama yako," alimwuliza Xuekai kwa Kichina chake cha redio, "yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Xuekai, naye machozi yakimlenga, maana alikuwa ameshaamini.

Yinjiao, aliyekuwa amesimama na birika la chai, alifungua mdomo. Akakumbuka ahadi. Akamimina chai.

Kamati ilichukua siku tatu kuandaa sherehe. Nyumba ya Zhao ilipakwa chokaa upya na wachoraji wakaweka ndege na mawingu chini ya paa. Kwa kuwa mzungu alikumbuka mti wa jozi, ulipatikana mti wa jozi, ukaletwa na lori ukiwa na udongo wake, ukapandwa katikati ya ua. Kwa kuwa alikumbuka kisima, ilinunuliwa pete ya jiwe ya kisima kutoka kwa muuza vitu vya kale, ikawekwa pembeni ya mlango, na ndani yake wakatia samaki wawili wekundu. Runxiang alisikiliza kelele za mafundi kupitia ukuta.

"Mwaka huo pale palikuwa na banda la nguruwe," alimwambia Yinjiao. "Wazuri lakini. Mmoja alikuwa na kilo mia mbili."

Wouter alipoingizwa uani siku ya sherehe aliutazama mti kwa muda mrefu.

"Nilikumbuka ni mkubwa zaidi," alisema.

"Miti nayo huzeeka, mzee wangu," alijibu Xuekai. "Inasinyaa kama sisi."

Mji mzima ulikuwepo. Wanawake walivaa vizibao vyekundu na vilemba vyeupe vyenye nyuzi za kuning'inia, chai ikatolewa mara tatu, kwanza chungu, kisha tamu, kisha ile ya tangawizi, na mtu wa televisheni ya wilaya akaomba ile chungu irudiwe kwa sababu mzungu alikunja uso vizuri. Kisha akatolewa Bibi Cuiying, mama yake Xuekai.

Alikuwa na miaka themanini na sita, mweupe kichwani, mzuri kama mwanasesere, na kumbukumbu yake ilikuwa imemtoka tangu miaka miwili nyuma. Hakumjua mwanawe. Hakujua kama amekula. Lakini alipomwona Wouter anapiga goti mbele yake, uso wake ulifunguka.

"Kaka," alisema kwa Kibai, lugha ya wenyeji wa pale. "Umekawia Burma."

Kaka yake halisi alikwenda Burma na msafara wa farasi kabla yeye hajaolewa, na hakurudi. Wouter hakuelewa neno. Aliweka kichwa chake mapajani pa bibi, akalia kama mtoto, na Bibi Cuiying akampapasa nywele akimwambia kwamba farasi watalishwa, asihangaike. Mji mzima ulilia. Yinjiao naye alilia, ingawa alijua kila kitu, na alijichukia kwa hilo. Mtu pekee aliyekuwa na macho makavu ni Runxiang, katika safu ya tatu, akipasua mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda kiganjani.

Kisha Wouter akasimama kuhutubia. Aliizima simu, akazungumza Kichina chake polepole, na kwa mara ya kwanza kila mtu alimfuatilia.

"Siku ya kumi nilipona," alisema. "Basi lilikuwa linapita barabarani mara moja tu kwa juma. Nikasikia honi. Nikamtafuta mama nyumbani, hayupo. Nikamtafuta ziwani, hayupo. Dereva anapiga honi. Njiani nikakutana na mwanamume ana jembe begani. Nilivua saa yangu. Sikuwa na kitu kingine cha thamani. Sikujua kusema, nikamwonyesha kwa mikono: mpe yeye, yule anayepika, yule mwenye mtoto mgongoni. Yule mtu akatikisa kichwa kukubali. Miaka yote hii nimejiuliza, je, alimpa? Je, yule mama alidhani nimeondoka kama mwizi? Saa imekutwa katika nyumba yake. Kwa hiyo alimpa. Sasa naweza kulala."

Watu walipiga makofi. Runxiang alikuwa na mbegu moja kati ya meno. Hakuipasua. Aliitoa, akaiweka mfukoni, akanyanyuka, akapita katikati ya viti bila kumwomba mtu samahani.

Yinjiao alimkuta kwenye ngazi za kuteremkia ziwani, ameketi, miguu haijagusa maji.

"Umesikia, Mama."

"Nimesikia. Mtu mwenye jembe." Alitikisa kichwa. "Asubuhi ile Mzee Zhao, baba yake Xuekai, alikuwa anapanda kuja shambani kugombana na mimi. Alidai nimemkatia maji. Tulitukanana mpaka jua likawa kali, na kumbe muda wote huo saa yangu iko mfukoni mwake."

"Basi aliiba."

"Hakuiba. Alikuwa na hasira nami. Alisema moyoni nitampa hasira zikiisha. Zikachukua miaka minne kuisha. Tukapatana, tukala pamoja mwaka mpya. Sasa utamwambiaje mtu, shika saa yako ya miaka minne iliyopita? Haya ilikuwa wapi? Angeanza ugomvi upya." Alicheka kidogo, cheko la puani. "Alikuwa ananiletea figili kila msimu. Nikawa nashangaa, huyu mzee na figili zake vipi."

"Naenda kumwambia Wouter sasa hivi."

"Umwambie nini? Amesema anaweza kulala. Mzee wa watu ametoka mbali, unataka asilale?"

"Na wewe?"

Runxiang alitazama maji. Upepo ulikuwa unayasukuma kuelekea kusini, kama kila alasiri.

"Mimi nimemsema vibaya moyoni miaka thelathini na minane," alisema. "Kumbe aliaga. Sasa nani anamdai mwenzake?"

Yinjiao hakuridhika. Ahadi yake ilikuwa kutomwambia Wouter. Kuhusu Xuekai hakuahidi kitu. Kesho yake asubuhi alimkuta mwenyekiti anasimamia fundi anayepigilia bango la shaba mlangoni, limeandikwa kwamba hapa ndipo penye asili ya urafiki. Alimvuta pembeni, akamwambia yote: jiwe la jiko, meza ya mbao ya jozi, zamu ya maji. Xuekai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye pete ya kisima chake.

"Nguruwe," alisema. "Nilikuwa nimesahau kabisa banda la nguruwe."

"Sasa utafanya nini, Kaka Xuekai?"

"Bango limeshachongwa, shemeji." Aliona uso wa Yinjiao ukibadilika, akainua mkono. "Subiri. Si bango. Njoo."

Alimpeleka dirishani. Ndani, Wouter alikuwa ameketi kando ya Bibi Cuiying, anammenyea chungwa, anampa kipande kimoja kimoja. Bibi alikuwa anaongea bila kukoma, na anacheka.

"Mama hajacheka tangu mwaka juzi," Xuekai alisema. "Jana alimwambia jinsi baba yao alivyokufa, na nani alirithi nyumbu. Mimi mwenyewe sikuwa najua tulikuwa na nyumbu. Unataka niingie nimnyang'anye kaka yake?"

Yinjiao akasema bango limekaa upande, linahitaji kunyanyuliwa kushoto, akarudi nyumbani.

Wouter aliondoka siku ya tano baada ya sherehe. Mkoba wake ulijaa jibini kavu, chai, na kitambaa cha buluu cha kamati. Saa alikuwa amemvisha Bibi Cuiying, ambaye aliivua mara moja akaificha chini ya mto, kwa ajili ya njia ya Burma. Gari la kumpeleka kituoni lilikuwa linasubiri nje, Xuekai na watu wa kamati wamejipanga, Yinjiao amebeba begi. Ndipo Runxiang akatokea ua wa mbele, aproni kiunoni, mikono bado ina maji ya kuoshea mboga.

Wouter alimwamkia kwa heshima. Alimjua kama mama mkwe wa mwenye nyumba, yule anayekaa jikoni.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekaa kwako siku zote hizi na hatujazungumza. Nilikuwa na mtu ninamtafuta."

Runxiang alikausha mikono kwenye aproni, akainua mkono wa kulia, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye kipaji cha uso. Alilazimika kujinyoosha kwa vidole vya miguu. Akaacha mkono pale, kama anahesabu. Wouter aliinamisha kichwa, na kitu fulani kilipita machoni pake, kikatafuta mahali pa kukaa, hakikupata.

"Hana kitu," Runxiang alimwambia Yinjiao kwa Kibai. "Anaweza kwenda." Akarudi jikoni.

"Ndivyo mnavyoagana huku?" Wouter aliuliza.

"Ndiyo," alisema Yinjiao. "Ndivyo tunavyoagana."

Mzee alifurahi mno. Kabla ya kuingia garini alimwendea Xuekai akamwekea mgongo wa kiganja kwenye kipaji, kisha katibu, kisha mtu wa televisheni, na wote, kwa kuwa hawakutaka kumwaibisha mgeni, wakamwekea na wao.

Ilionyeshwa habarini. Msimu uliofuata mabasi yalianza kusimama Haiwei, manne kwa siku. Mlangoni pa nyumba ya Zhao kamati iliweka wasichana wawili wenye vilemba vyeupe, na kila mtalii anayetoka huwekewa mkono kwenye kipaji cha uso, kuaga kwa mila ya kale ya Haiwei. Profesa mmoja amekuja mara mbili kuichunguza asili yake. Xuekai alimwelekeza kwa wazee, na wazee, baada ya kufikiri sana, wakakumbuka kwamba hata bibi zao walikuwa wanafanya hivyo.

Runxiang hupita pale kila asubuhi akienda kununua tofu. Wasichana ni wageni, wametoka wilaya nyingine, hawamjui. Wiki iliyopita mmoja wao alimsimamisha akamwekea kiganja.

"Geuza mkono, mwanangu," Runxiang alimwambia. "Kiganja hakisikii homa. Ni huku nyuma."

Msichana akageuza mkono, akajaribu tena.

"Enhe," alisema bibi, akaendelea na safari yake, maana tofu huisha mapema.